Watoto wa Kikula na maua ya shaba

Wachimbaji wa kale wa Katanga hawakuwa na ramani ya miamba. Walitafuta kilima kilicho uchi. Pale ambapo pori la miombo linakatika ghafla, miti inaisha, zinabaki nyasi fupi na maua yasiyoonekana bondeni, walijua kwamba chini kuna shaba. Walichimba mawe ya kijani ya malakiti, wakayayeyusha katika tanuri za udongo wa kichuguu, wakamimina misalaba iliyozunguka nchi hii kama fedha. Msiri alipotoka Unyamwezi na kujenga dola lake Bunkeya, shaba hiyo ilikuwa sehemu ya utajiri wake. Mjiolojia Mbelgiji Jules Cornet alipopita huku mwaka 1892, aliyakuta machimbo ya wenyeji yakiwa wazi tayari.

Mji wetu umezaliwa na vilima hivyo. Kabla ya kuitwa Likasi uliitwa Jadotville, na Kikula ilikuwa makazi ya Waafrika ambao mikono yao ilichimba na kuyeyusha. Hadi leo, mtu wa Kikula ukimtajia kilima, anawaza kwanza shimo, gunia na bei ya kilo. Simlaumu, ndivyo tulivyofundishwa kuviona. Lakini kilima kile kile ni bustani, na baadhi ya maua yake hayaoti mahali pengine popote duniani. Nataka watoto wa Kikula wayaone kwa macho yao, wakiwa na wazazi wao na mtu anayeyajua, wakati bado yapo.

Upinde wa shaba unaanzia Kolwezi, unapita Fungurume, Kambove na Likasi, unafika Lubumbashi na kuingia Zambia. Upande wetu una vilima vya asili vya shaba vipatavyo 160, vingi vikiwa vidogo kiasi kwamba familia inaweza kukizunguka kimoja kwa asubuhi moja. Udongo wa kawaida huwa na miligramu makumi tu za shaba katika kila kilo. Juu ya vilima hivi hufika maelfu, na mahali pengine hupita 10,000. Mti wa miombo ukijaribu kuota hapo, mizizi yake inaungua. Hata hivyo wataalamu wa mimea wameorodhesha takriban aina 600 zinazoishi kwenye udongo huo, na katika hizo aina 32 hazijulikani kuota nje yake kabisa. Mbelgiji Paul Duvigneaud ndiye aliyeanza kuzipanga kwa utaratibu katika miaka ya 1950. François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi Lubumbashi, akaendeleza kazi hiyo, na leo inabebwa na watafiti Wakongo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Matembezi ninayoyaelezea hapa hayahitaji mwili wa mwanariadha. Vilima vyetu ni vya kupanda polepole, mtoto wa miaka sita anafika juu akipumzishwa mara mbili tatu, na bibi mwenye fimbo anafika pia. Yanachohitaji ni mpangilio. Kundi la watu ishirini hivi linatosha. Likizidi hapo, walio nyuma hawamsikii kiongozi na nyasi zinakanyagwa ovyo. Kila mtu mzima awe na watoto wasiozidi watatu wa kuwaangalia. Kiongozi awe mtu wa mimea: mwanafunzi wa kilimo au biolojia, mwalimu wa sayansi, au mzee wa dawa anayejua kilima hicho tangu utotoni. Wakipatikana wawili, mmoja wa chuo na mmoja wa kijiji, ni bora zaidi, kwa sababu kila mmoja anajua nusu ambayo mwenzake hana.

Wakati mzuri ni mwisho wa majira ya mvua, Machi na Aprili, ardhi ikiwa bado na unyevu. Wapo wanaopendelea Septemba na Oktoba, baada ya moto wa kiangazi kupita, mimea yenye viazi chini ya ardhi inapotoa maua kwenye majivu hata kabla ya mvua ya kwanza. Nyakati zote mbili zina uzuri wake, lakini kwa watoto nachagua Machi. Muondoke Kikula alfajiri. Radi za Katanga hupenda alasiri, na kilima kisicho na mti ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kukutwa na radi. Saa sita mchana kundi liwe limeshuka.

Sehemu ya kwanza ya njia ni miombo, na hapa kiongozi asiwe na haraka. Watoto wengi wa mjini wanaijua miombo ikiwa ndani ya gunia la makaa tu. Waoneshwe mti wenyewe ukiwa hai, majani yake machanga yanayotoka mekundu mwisho wa kiangazi, magome yake yanayotolewa kamba. Waoneshwe uyoga, na waambiwe kwamba uyoga mwingi wa miombo umeshikana na mizizi ya miti hii chini ya ardhi, mmoja akimpa mwenzake chakula, kwa hiyo aliyemaliza miti amemaliza na uyoga. Waoneshwe vichuguu vikubwa vya Katanga, vinavyopita urefu wa nyumba na kubeba juu yake mimea tofauti na ile ya pembeni. Msukuni kuna masuku mwanzoni mwa mvua. Kuna viwavi vinavyokaangwa, na kila familia ya Kikula ina mtu anayeviuza au kuvila. Haya yote ni masomo yanayoingia kupitia mdomoni, na mtoto hayasahau.

Halafu linakuja bonde lenye maji, nyasi ndefu na udongo mweusi, na hapo kuna somo gumu zaidi. Katika mabonde kama haya ndimo mnamoota okidi za ardhini, zile zenye viazi vidogo ambavyo mama zetu huvitwanga na karanga kutengeneza kikanda. Ni chakula kitamu, nami nimekila tangu utoto. Lakini kiazi kigumu kinachochimbwa ndicho akiba ya mmea ya mwaka unaofuata. Ukikiondoa, umeondoa ua la kesho. Nchini Zambia, ambako wanakiita chikanda, walaji waliongezeka mijini hadi mabonde ya jirani yakapungukiwa, na wafanyabiashara wakavuka mipaka kuja Katanga na kwenda nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Huko Tanzania watafiti walikadiria mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba viazi vinavyosafirishwa kila mwaka vinahesabiwa kwa mamilioni.

Tanzania ilijibu kwa namna inayonipa moyo. Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, kati ya Mbeya na Njombe, ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa. Ni eneo la kilomita za mraba 412 hivi, kwenye mwinuko wa mita 2,600, lisilo na tembo wala simba wa kumvutia mgeni. Lilitengwa kwa ajili ya maua. Wenyeji wanaliita Bustani ya Mungu. Zimehesabiwa humo aina 350 hivi za mimea, na kati yake aina 45 za okidi za ardhini, zile ambazo jamaa zake tunazila sisi. Kuanzia Novemba hadi Aprili familia za Mbeya na wageni wa mbali hutembea pale kwa miguu wakiongozwa na askari wa hifadhi, hawachumi kitu, wanarudi nyumbani. Uwanda huo uliwahi kuwa shamba la kondoo, na ng'ombe wa maziwa bado wanafugwa jirani. Hakuna aliyesubiri ardhi iwe safi tangu Adamu ndipo ailinde.

Mtoto akiuliza bondeni, «Yaya, hii mauwa inaitwaka namna gani?», kiongozi amjibu jina analolijua, la Kisanga, la Kiswahili au la Kilatini, kisha amwoneshe shina linavyoingia ardhini na kumweleza kilicho chini. Mtoto huyo atakaporudi nyumbani na kukuta kikanda mezani, ataanza kumuuliza mama yake maswali. Mazungumzo hayo nayaamini kuliko bango lolote.

Ukitoka bondeni miti inaanza kupungua. Inabaki mifupi, iliyopindapinda, na misuku ukingoni, halafu mara moja hakuna mti. Mpaka huo unaonekana wazi hivi kwamba mtoto anaweza kusimama mguu mmoja porini na mwingine kwenye uwanda. Hapa kundi lisimame, na kila mtu aambiwe jambo moja: kuanzia hatua hii, tunafuata mstari mmoja nyuma ya kiongozi. Mimea ya vilima vya shaba imejifunza kustahimili sumu, ukame na moto, lakini haijajifunza kustahimili kundi la watu likitawanyika kupiga picha.

Chini ya mteremko nyasi bado ni ndefu. Kadiri unavyopanda, shaba inaongezeka, nyasi zinafupika na maua yanachukua nafasi. Kuna Gladiolus tshombeanus, ambalo Duvigneaud alilipa jina la Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga kuanzia 1960 hadi 1963. Kuna na jamaa yake Gladiolus ledoctei. Kuna Crotalaria cobalticola, ndugu wa marejea na kunde, lenye maua ya njano, ambalo jina lake linabeba kobalti kwa sababu linapenda udongo wenye madini hayo. Watu wa Tesla na wa simu za mkononi wanaitafuta kobalti hiyo kwa mitambo na mabilioni. Mmea huu umekuwa ukiionesha kwa karne nyingi bila kulipwa chochote.

Pale ambapo ardhi imechubuliwa, kokoto zikaonekana na nyasi zimeshindwa, ndipo linapotawala Haumaniastrum katangense. Ni mmea mdogo wa jamii ya mrehani, unaoishi mwaka mmoja, maua yake madogo ya rangi ya zambarau yakiwa yamebanana juu ya shina. Wazungu waliuita ua la shaba. Wanaakiolojia waliufuata karibu na Lubumbashi, wakakuta kwamba mabaka yake, mbali na kilima chochote, yalikuwa yameota juu ya majivu na mavi ya shaba ya tanuri za kale. Wazee wetu waliyeyusha shaba hapo mamia ya miaka iliyopita, wakaondoka, tanuri zikabomoka, hakuna aliyeandika lolote. Ua likabaki mahali pale likishuhudia. Kwa mtoto wa Kikula, ambaye babu yake huenda alifanya kazi katika viwanda vya Shituru, sijui historia nzuri kuliko hii ya kusimuliwa akiwa amechuchumaa mbele ya ua lenyewe.

Kileleni kuna mwamba mgumu wenye matundutundu, na katika nyufa zake huishi Xerophyta. Kiangazi huukausha hadi ukaonekana umekufa, mvua ikinyesha unarudi. Hapo ndipo pa kupumzika na kula: viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, ndizi, chupa ya munkoyo. Kabla ya mkono wowote kugusa chakula, unawe. Jambo hili nalisisitiza na lina historia yake.

Mwaka 1978 Malaisse na wenzake walitangaza kwamba mmea mmoja wa Katanga, Aeolanthus biformifolius, una shaba nyingi kuliko karibu mmea wowote uliokuwa umepimwa. Miaka mingi baadaye watafiti walirudia vipimo vya mimea ya Katanga, safari hii wakiyaosha majani kwa uangalifu zaidi, na wakagundua kwamba sehemu ya shaba na kobalti iliyohesabiwa zamani ilikuwa vumbi tu lililolala juu ya majani. Vumbi hilo hilo linalala juu ya mikono ya watoto. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kobalti ilikuwa juu sana, na kwa watoto hali ilikuwa mbaya zaidi kuliko kwa watu wazima. Asubuhi moja kilimani si ya kuogopwa. Tunaogopa mazoea ya kila siku ya kula na mikono yenye vumbi, na matembezi ni nafasi ya kuyavunja. Maji ya kunawa yabebwe kwa wingi kama ya kunywa, sabuni iwepo, nguo zifuliwe mkirudi, na mtoto mdogo anayependa kutia mawe mdomoni abebwe mgongoni.

Yapo na mengine ya usalama yasiyo na mjadala. Msikaribie shimo la zamani hata likionekana limefukiwa, kwa maana kingo zake huporomoka baada ya mvua. Msiingie katika eneo la kampuni bila ruhusa iliyoandikwa, na hata mkiwa nayo, mpite kwanza kwa chifu wa kijiji kilicho chini ya kilima. Viatu viwe vya kufunika vidole, maana bafe hulala njiani asubuhi. Na kuhusu Shinkolobwe, kilomita kama ishirini kutoka Likasi, ambako urani ya mabomu ya mwaka 1945 ilitoka: serikali ilipafunga mwaka 2004, na familia haina cha kufuata huko, maua yawepo yasiwepo.

Nimesema wakati bado yapo, na sikutia chumvi. Karibu na Kolwezi kulikuwa na mmea uitwao Acalypha dikuluwensis. Makazi yake yalikuwa Dikuluwe, kwenye shaba. Mara ya mwisho uliokotwa mwaka 1959. Mgodi ukala kilima, na mwaka 2012 orodha nyekundu ya kimataifa ikautangaza kuwa umetoweka. Hakuna mtu wa Kolwezi aliyelia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupelekwa kuuona. Aina nyingine za vilima vya shaba zimebaki kwenye vilima viwili au vitatu tu, na mashapo yanayowavutia wachimbaji yako chini ya mizizi yake barabara.

Wapo watakaoniambia kwamba watu wanakula kwa shaba, hawali kwa maua. Nawajua vijana wanaoshuka mashimoni kwa mikono na tochi, nawajua mama zao wanaosubiri jioni, na sitathubutu kuwaambia waache bila kuwapa kazi nyingine. Lakini mimea hii nayo ina kazi. Mjini Lubumbashi, moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba uliua mimea katika eneo la Penga Penga hadi ardhi ikabaki tupu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipotafuta kitu cha kuifunika ardhi hiyo, walikwenda kwenye vilima vya shaba na kuchukua nyasi iitwayo Microchloa altera, iliyozoea sumu, wakaipanda pale pamoja na chokaa na mbolea. Ikashika. Likasi na Kikula zina ardhi nyingi iliyochafuliwa kwa namna hiyo hiyo. Dawa yake inaota kilimani, na tukikimaliza kilima chote tutakuwa tumechimba na dawa.

Nchi yetu imewahi kutenga ardhi katika sehemu hizi. Upemba ni hifadhi ya taifa tangu 1939, Kundelungu tangu 1970, na eneo la Lufira liliingizwa na UNESCO katika mtandao wa hifadhi za viumbe mwaka 1982. Nje ya Lubumbashi, katika hifadhi binafsi ya Mikembo, watafiti wamepima miti yote kwenye hekta kumi za miombo. Kwa vilima vya shaba hatujawa na Kitulo yetu. Ninachokiomba ni kidogo kuliko Kitulo: kilima kimoja, cha hekta chache, kati ya Likasi na Kambove, ambacho kampuni ya madini ya serikali, Gécamines, mji, chuo na chifu wa ardhi watakubaliana kwamba hakitachimbwa. Kiwe na njia moja iliyowekewa mawe pembeni, kibanda cha kunawia mikono, na vijana wanne au watano wa vijiji vya jirani waliofundishwa mimea na kulipwa kuongoza makundi. Jumamosi iwe ya familia. Siku za kazi ziwe za shule, na shule za Kikula zianze, kwa kuwa ziko karibu na zina watoto wengi kuliko mabasi yanavyoweza kuwabeba.

Hadi siku hiyo, parokia, chama cha wazazi au kundi la majirani linaweza kuanza na kilima ambacho ruhusa yake inapatikana. Mwezi wa pili ni wa kutafuta kiongozi na kuandika barua. Mwezi wa tatu ni wa kwenda. Beba daftari la kuchora, maana maua hayachumwi, na mtoto anayelichora ua analitazama kwa muda mrefu kuliko anayelipiga picha kwa simu.